Punda Aliyeitwa Ndala

Salha alivunjika mkono bombani siku ya Jumanne, na kufika Jumatano mchana hapakuwa na tone la maji katika nyumba ya Athumani Msangi. Hakugombana na mtu wala hakusukumwa. Aliteleza tu kwenye tope, dumu likiwa begani, akaangukia kiwiko. Walimpeleka Same akarudi jioni mkono umefungwa plasta nzito kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko, na usiku kucha alilala ameketi.

Athumani alikuwa kizingitini, mahali pake pa kila siku. Mguu wa kushoto ulikatwa juu ya goti miaka miwili nyuma, baada ya kifusi cha jasi kumwangukia machimboni. Wa kulia ulibaki, lakini goti lake lilikuwa halikunji vizuri. Alikuwa na magongo mawili ya mti, na magongo hayo yalimfikisha chooni na kumrudisha. Zaidi ya hapo vumbi la Makanya liliyameza kama uji unavyomeza kijiko.

Zizini punda alikuwa akilia. Alikuwa jike la kijivu, mwenye mstari mweusi mgongoni, na watoto wa jirani walimwita Ndala kwa sababu alipokuwa mdogo alitafuna ndala za wageni mlangoni. Tangu Athumani aumie, Salha alimtumia Ndala kubeba maji, mengine ya nyumbani na mengine ya kuwauzia watu waliokuwa wakiponda kokoto kule juu.

"Nitamwomba jirani yetu Vitus atuchotee," alisema Salha.

"Vitus yuko barabarani na pikipiki yake tangu alfajiri."

"Basi nitakwenda mwenyewe."

"Kwa mkono gani?"

Athumani aliuangalia ule mkono mweupe, akauangalia mdomo wa mkewe uliokauka, kisha akasema, "Mlete huyo punda hapa ukutani."

"Wa nini?"

"Mlete."

Salha alimleta. Athumani alijiburuta hadi kwenye ukuta mfupi wa mawe uliozunguka jiko, akapanda kwa mikono, akakaa juu yake. Magunia mawili yalitandikwa mgongoni kwa punda. Akamshika shingo, akauvusha mguu mmoja aliokuwa nao, akabaki ameinama hivyo, kifua juu ya manyoya, moyo ukimdunda kama mtu aliyeiba.

Baba yake alikuwa na punda sita. Walipandisha chumvi na nguo Vudee, wakashusha maharage, na Athumani akiwa kijana ndiye aliyerudi juu ya yule asiye na mzigo, akiteremka mlima kwa mwendo uliowatisha wanawake njiani. Aliacha alipooa. Mtu mzima hapandi punda. Punda hubeba mzigo, na mtu si mzigo. Hivyo ndivyo walivyosema watu wote aliowafahamu, naye alisema hivyo pia.

Ndala alipiga hatua mbili akasimama. Athumani alikuwa amekaa mbele mno, juu ya mabega. Mwili wake ukakumbuka kabla yake. Akajisukuma nyuma hadi juu ya makalio, akalegeza kiuno, akapiga ulimi kwenye kaakaa. Punda akaondoka.

Bombani wanawake walinyamaza kwanza, halafu mmoja akacheka, wakacheka wote. Hedwiga, mama mwenye sauti kubwa ambaye mumewe alikuwa kibarua wa mkonge, alimwita Athumani kwa jina la mwanawe aliyeko mbali, akasema, "Baba Yunus, sasa umekuwa bwana harusi." Lakini ni yeye huyohuyo aliyejaza madumu manne na kuyafunga ubavuni mwa Ndala, maana Athumani hakuweza kushuka.

Njiani kurudi aliona vitu ambavyo hakuviona kwa miaka miwili. Aliona ndani ya nyua za watu. Aliona bati jipya la msikiti. Aliuona mlima wa Vudee wote, kutoka miguuni hadi kwenye wingu, badala ya kile kipande kilichoonekana kati ya choo na mwarobaini. Alipofika kwenye mchanga laini Ndala alianza kutikisa masikio na kwenda mbio kidogo, madumu yakigongana, na Athumani akajisikia akicheka peke yake njiani kama mwehu.

Salha alimsikia kabla hajamwona. Alidhani mumewe ameanguka, akatoka mbio.

*

Athumani alipovua magunia siku hiyo aliona mgongo wa Ndala. Kamba zilikuwa zimekula ngozi pande zote mbili, na kidonda kimoja kilikuwa na nzi.

"Salha, mgongo umeoza huu."

"Nimeuona."

"Umeuona ukauacha?"

Salha alikuwa akichochea moto kwa mkono mmoja. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa na migongo miwili ya kuangalia, Baba Yunus. Wake na wako. Wako ndio nilioosha."

Ilikuwa kweli. Miezi minne ya kwanza Athumani alilala chali hadi akatoka vidonda, na Salha alimgeuza kila baada ya muda kama mkate. Athumani akainamisha kichwa. Baadaye alichemsha maji ya chumvi yeye mwenyewe, akaosha vidonda vya Ndala polepole, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na punda akatetemeka ngozi lakini hakuondoka.

Ikawa ndiyo kazi yake. Alishona tandiko la magunia ya mkonge, akalijaza majani makavu, akaacha uwazi katikati ili lisiguse uti wa mgongo. Alichonga kwato zilizorefuka kwa kisu cha fundi viatu. Alimtoa kupe masikioni, mmojammoja, akiwaponda juu ya jiwe. Asubuhi alikwenda bombani, adhuhuri msikitini, jioni alivuka barabara kuu na kuwafuata wachimbaji wenzake wa zamani kuwasalimu. Siku za jua dogo alimpeleka Ndala hadi kwenye reli na kumwachia akimbie anavyotaka kwenye ule uwanja mtupu, yeye akishika manyoya ya shingo, kilemba kimedondoka nyuma. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Aliporudi kutoka huko alikula vizuri, na mara moja alimwambia Salha kwamba chumvi imezidi, jambo ambalo hakulisema tangu aumie, kwa kuwa tangu aumie hakuona ana haki ya kulaumu chakula.

Salha alifurahi, lakini si moja kwa moja. Wanawake bombani walimwuliza mumewe amemtolea punda mahari kiasi gani. Mkono ulipotolewa plasta ulibaki mwembamba na uliuma usiku. Yeye ndiye aliyetafuta majani ya punda ukame ulipozidi, na alipoyaleta Athumani aliyanusa kwanza, kana kwamba ananunua, kabla ya kusema asante.

*

Abdulmajid, mdogo wake Athumani, alikuwa na duka la jumla kando ya barabara kuu na nyumba nyuma yake yenye vigae. Mwezi wa sita binti yake, Husna, aliposwa na watu wa Mwanga. Siku ya wageni kuja, Abdulmajid alipiga simu.

"Kaka, saa nne gari litakuja kukuchukua. Wewe ndiye mkubwa wetu, bila wewe hakuna neno."

Athumani alivaa kanzu saa tatu. Saa nne ilipita, saa tano ikapita. Saa sita alimwambia Salha amlete Ndala.

Alifika wageni wakiwa wanashuka. Magari matatu yalikuwa yamesimama mbele ya duka, na wazee wenye kofia nzuri walikuwa wakipeana mikono. Ndala alisimama katikati yao, akanusa tairi la gari jeupe, akainua mkia na kuacha mavi. Vijana wawili walitoa simu.

"Kaka," alisema Abdulmajid kwa sauti ya chini, uso ukitabasamu. "Si nilisema nitakutumia gari?"

"Nilingoja mpaka saa sita."

Mzee mmoja wa Mwanga, mtu wa heshima, aliuliza bila ubaya, "Huyu ni nani?"

Abdulmajid alifungua mdomo. Alimwangalia punda, akauangalia upande wa kanzu uliokunjwa na kufungwa kwa pini. "Ni jamaa yetu," alisema.

Husna alikuwa dirishani. Hakupaswa kutoka siku hiyo, lakini alitoka, kitambaa kichwani nusu, akaja hadi ubavuni mwa punda akapiga magoti kidogo. "Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu."

Basi wageni wakajua. Wakamsalimu vizuri, wakamwita mzee. Lakini ngazi za sebuleni zilikuwa tano, kwa hiyo vijana walimbeba, wakazunguka naye nyuma, wakamwingiza kwa mlango wa jikoni, wakamwacha hapo kwanza. Hiyo 'kwanza' ilidumu hadi mwisho. Alikula pilau kati ya masufuria. Wapishi walimwongezea nyama mara mbili, na kila walipomwongezea aliona aibu zaidi.

Video ilitembea kwenye simu za watu wiki nzima. Vitus, yule jirani mwenye pikipiki, mtu wa Kigoma aliyekuja zamani kukata mkonge akabaki, alimwonyesha. Ndala alikuwa ameinua mkia, na chini pameandikwa kwamba hili ndilo gari jipya la ukoo wa Msangi.

"Mzee, watu hawana kazi," alisema Vitus.

"Irudishe nione tena," alisema Athumani. Alitazama mara ya pili, si mavi wala maandishi. Alimtazama yule mtu juu ya punda. Alimwona amekaa wima.

*

Kiti cha magurudumu kilikuja baada ya wiki mbili. Kilikuwa kipya, cheusi, chenye nailoni bado mikononi. Abdulmajid alikileta mwenyewe kwenye gari lake la mizigo, akapiga picha tatu, na Athumani akakaa, kwa sababu mtu akikuletea kiti unakaa. Salha alilia kidogo. Yalikuwa machozi ya kweli ya shukrani.

Siku hiyohiyo Abdulmajid alisema amempangia kaka yake daktari hospitali ya Same, akaangaliwe kile kigutu kilichokuwa kinawasha. Gari la kumpeleka lipo. Wakampakia yeye na kiti chake, wakaondoka. Abdulmajid akabaki, akamfuata Salha jikoni.

"Shemeji, sema kweli. Hujachoka?"

"Nimechoka."

"Toyo langu la magurudumu matatu litakuletea madumu sita kila baada ya siku moja. Hela sitaki. Kaka ana kiti sasa. Huyo punda wa nini tena? Kumtafutia majani kiangazi hiki, na mkono huo?"

Salha alisugua sufuria iliyokuwa safi tayari. "Anampenda, shemeji."

"Anampenda, na watu wanatucheka. Wewe hawakucheki?" Akangoja. "Nina mtu anatafuta punda wa kubebea matofali. Laki mbili na nusu. Ukimwuliza kaka atakataa kwa ubishi tu, unamjua. Akirudi atakasirika siku mbili, ya tatu atashukuru."

Salha akaiweka sufuria chini. Hakufikiria ngozi wala kisu, hakuna aliyemtajia hayo. Alifikiria kuamka asubuhi moja bila kusikia punda analia. Akaenda zizini, akafungua kamba mwenyewe, akamkabidhi. Ndala alimfuata Abdulmajid hatua chache, akasimama, akageuza kichwa kutazama ukuta wa jiko. Abdulmajid akamvuta.

Athumani alirudi alasiri. Aliona zizi tupu kabla hajashushwa.

"Yuko wapi Ndala?"

"Shuka kwanza."

"Salha. Yuko wapi?"

"Nimemuuza," alisema Salha. Angeweza kumtaja Abdulmajid, lakini mkono uliofungua kamba ulikuwa wake. "Anakwenda kubeba matofali. Tutapata maji bila yeye."

Athumani hakupiga kelele. Aliomba asogezwe kivulini. Siku mbili alisema maneno ya lazima tu, maji, sahani, chumvi, na ya tatu hakushukuru.

Kiti kilikuwa kizuri juu ya sakafu. Nje, magurudumu madogo ya mbele yalizama mchangani hatua tano kutoka mlangoni, na Athumani akawa anakaa hapo, hatua tano, badala ya kizingitini. Toyo lilileta maji mara mbili. Mara ya tatu wakaambiwa limeharibika. Salha akachukua ndoo akaweka kichwani, maana mkono mbovu haukuweza kuinua dumu begani. Kwa zile laki mbili na nusu walinunua gunia la mahindi na sukari na sabuni, na zilizobaki waliendelea kuzila.

*

Vitus ndiye aliyeleta habari. Alikuwa amempeleka abiria ng'ambo ya reli, kwenye vichaka vya kuelekea mtoni, akaona boma la miiba na waya lenye punda.

"Wengi," alisema. "Na pananuka, mzee. Pananuka vibaya."

Salha alikuwa mlangoni. Alisikia. "Nakuja na mimi," alisema, na wakapanda wote watatu kwenye pikipiki moja, Athumani katikati, mguu wake mmoja umening'inia, Salha nyuma amemkumbatia asianguke. Hawakuwa wamegusana tangu siku ile.

Boma lilikuwa kwenye bonde dogo. Kunguru walijaa. Punda tisa walisimama wamebanana, hawakuwa na maji. Upande wa pili, chini ya turubai, ngozi zilikuwa zimetandazwa na kumwagiwa chumvi. Mtu mmoja mwembamba, mwenye viatu vya mpira, alitoka akiwa na kisu mkononi, si kwa kutisha, alikuwa kazini tu. Jina lake Jabiri.

"Mnatafuta nini?"

"Punda wangu," alisema Athumani. "Jike la kijivu. Aliuzwa kimakosa, nimekuja kumrudisha."

"Hapa mimi sirudishi."

"Hela yenu nitawapa," alisema Salha haraka, ingawa hela haikuwepo. "Nitaitafuta. Mwezi huu huu."

Lakini Athumani alikuwa ameshaacha kuwatazama punda. Alimwambia Vitus amsogeze kwenye turubai. Ngozi ya nne kutoka ukingoni ilikuwa ya kijivu yenye mstari mweusi, na pande zote mbili, mahali pa kamba, palikuwa na mabaka mawili ambayo manyoya yake mapya yalikuwa yameanza kuota, mafupi na meupe. Aliyajua yale mabaka kwa vidole. Alinyoosha mkono akagusa moja. Chumvi ilikwaruza.

Salha alitazama ngozi, akamtazama mumewe, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Hii kazi ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi imekatazwa," alisema Vitus.

Jabiri alicheka kidogo. "Imekatazwa, ndiyo. Na huyo mwenye duka la barabarani, Abdulmajid, anajua imekatazwa. Chumvi yote hii ni yake. Punda watatu kaniletea yeye mwenyewe. Mnadhani mimi mgeni ningejuaje nani ana punda Makanya?"

*

Abdulmajid alikuja kesho yake kabla ya adhuhuri. Hakuja na gari. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua kofia.

"Kaka, Wallahi sikujua atachinjwa. Nilijua ni matofali."

"Na chumvi ulijua ni ya nini?"

Abdulmajid alikunjakunja kofia. "Biashara ngumu. Unadhani harusi ya watu wa Mwanga inatoka wapi? Imebaki wiki sita. Ukipeleka maneno haya kwa mtendaji wa kijiji, hawa watu wataondoka. Husna ataachwa. Wewe ndiye baba yake mkubwa."

"Kuna punda tisa pale hawana maji."

"Ni punda, kaka."

"Najua ni punda."

Salha alisema kutoka mlangoni, "Baba Yunus, ngoja harusi ipite. Mimi ndiye niliyekosa, nihukumu mimi. Mtoto yule hajakosa kitu."

"Siku sita tu, hao punda watakuwa wamekwisha," alisema Athumani. "Sembuse wiki sita."

"Kwa hiyo unachagua punda?" aliuliza Abdulmajid.

Athumani alimtazama ndugu yake. Hakuwa na hakika anachagua nini. Alipofumba macho aliwaona wale tisa wamebanana, hiyo ilikuwa kweli. Na alisikia pia sauti ikisema mbele ya wageni, jamaa yetu, na hiyo nayo ilikuwa kweli, na hakuweza kuzitenganisha hizo mbili.

"Ungeniuliza," alisema. "Kama ungeniuliza tu, ningekukatalia, tungegombana, yangekwisha."

Vitus alimpeleka kwa mtendaji saa nane. Mtendaji aliandika, akampa kalamu atie saini, akauliza mara mbili, "Una hakika, mzee? Ni ndugu yako huyu." Athumani akatia saini.

*

Mgambo walikwenda na afisa mifugo asubuhi iliyofuata. Jabiri hakuwepo, alikuwa amepewa habari. Walikuta punda wanane wamesimama na mmoja amelala, ngozi kumi na saba, na viroba vya chumvi vyenye alama ya duka. Abdulmajid alilala mahabusu siku mbili, akatozwa faini, akatoka. Duka lilifunguliwa tena, na watu wakaendelea kununua, ingawa walinunua bila kuzungumza.

Barua ya Mwanga ilikuja wiki iliyofuata. Ilikuwa na adabu nyingi. Ilisema shughuli isogezwe kwanza mpaka mambo yatulie. Hawakutaja tarehe, na mahari iliyokuwa imetolewa wakaomba irudi.

Abdulmajid alikuja na gari la mizigo. Hakusalimu. Athumani alikuwa ameketi kwenye kiti, nje, hatua tano kutoka mlangoni.

"Kiti ni cha duka," alisema Abdulmajid.

"Nisaidie nishuke."

Abdulmajid hakumgusa. Salha alikuja akaweka bega lake zima chini ya kwapa la mumewe, akamshusha taratibu hadi mchangani. Abdulmajid alikunja kiti, akakipakia. Kilipogonga bati la gari alishtuka yeye mwenyewe, akasimama kidogo kana kwamba ana neno. Kisha akaingia akaondoka. Athumani alirudi kizingitini kwa mikono, na watu waliokuwa wakipita walitazama pembeni.

Husna alikuja peke yake jioni ya Ijumaa. Hakuingia. Alisimama penye uwazi wa ua, mikono ndani ya khanga.

"Karibu mwanangu," alisema Athumani.

"Ningetoka siku ile dirishani nije kukuamkia kama ningejua?" alisema Husna. Hakuwa akilia, alikuwa amekwisha kulia. "Wiki sita tu, baba mkubwa. Ungengoja wiki sita."

Athumani alikuwa na jibu la punda, na alikuwa na jibu la baba yake Husna, na yote mawili hayakufaa kumpa msichana wa miaka ishirini na mbili aliyesimama pale. Husna akageuka akaenda, hakuaga. Baada ya muda Athumani akatambua kwamba Husna hakumwamkia pia.

"Hakusema shikamoo," alimwambia Salha.

"Nimesikia."

*

Punda saba walirudishwa kwa wenyewe, wengine mbali, Hedaru na huko nyikani kwa Wamasai. Yule aliyekuwa amelala alikufa. Alibaki mmoja ambaye hakuna aliyemdai, jike dogo la kahawia, amekatwa mshipa wa mguu wa nyuma na waya wa boma. Alikaa nyuma ya ofisi ya kijiji siku nne, watoto wakimtupia maganda ya machungwa. Afisa mifugo alisema heri auawe. Athumani aliposikia alimtuma Vitus.

"Mzee, huyu hatembei sawa," alisema Vitus. "Afisa kasema hata akipona hatabeba kitu."

"Mlete tu."

Ilichukua nusu siku kumfikisha. Alikuja akiruka kwa miguu mitatu na kupumzika kila mahali penye kivuli. Walimwingiza zizini, akaenda moja kwa moja kwenye kona akasimama amewapa mgongo.

Salha alirudi kutoka bombani na ndoo kichwani. Ilikuwa safari yake ya tatu siku hiyo. Alisimama akamtazama yule mnyama, mbavu zake, kidonda, mguu uliokunjwa hewani.

"Huyu hatakupeleka msikitini, Baba Yunus."

"Najua."

"Wala hatabeba maji. Maji yake pia nitayabeba mimi."

"Najua, Salha. Ukisema hapana, Vitus atamrudisha."

Salha alishusha ndoo kwa mkono mzima, ule mbovu ukishikilia ukingo. Alimimina nusu kwenye beseni la zamani. Punda hakusogea mpaka Salha aliporudi nyuma, ndipo akanywa, akanywa yote, akalamba plastiki.

Athumani alikuwa amejiburuta hadi zizini na kitambaa na maji ya chumvi. Alisimama kwa kushika nguzo, akaegemeza mgongo ukutani, akaanza kusafisha. Punda alitetemeka, akavuta mguu, akapepesuka. Akaegemea upande wa pekee uliokuwa na kitu cha kuegemea, akamlazia Athumani uzito wote kifuani, ubavu wake ukipanda na kushuka.

"Atakuangusha," alisema Salha. Akaja mbio. "Ngoja nimsogeze."

Athumani alikuwa amebanwa ukutani, mguu wake mmoja ukitetemeka chini ya mizigo miwili. Jasho lilimtoka. Akaweka mkono shingoni kwa punda, chini ya manyoya, mahali penye joto.

"Mwache kidogo," alisema. "Mimi bado nimesimama."